Gari Limelala, Rejeta Inatona: Ulipie Nini, Uache Nini

Kulanti inayotona chini ya gari lililoegeshwa msimu wa baridi inaweza kukugharimu dola 3, na inaweza kukugharimu dola 5,000. Mara nyingi tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa tundu. Inatokana na kile ulichomimina kujazia kilichopungua. Naandika nikiwafikiria zaidi wasomaji wa Minneapolis na Saint Paul, ambako Waafrika Mashariki ni wengi na usiku wa nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri si habari, ingawa anayeishi Edmonton au Oslo atajikuta humu pia. Wapo wanaofungasha Desemba kwenda nyumbani na kurudi Machi. Wapo wenye pikapu ya kazi ya kukata nyasi, ambayo theluji ikianguka haina tena la kufanya. Na wapo wenye gari la pili ambalo kuliendesha kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ni kuliozesha bure.

Kijana akiona doa la waridi sakafuni, simu ya kwanza huenda nyumbani.

“Shikamoo mjomba. Gari linavuja maji ya rejeta, lakini kidogo tu.”

“Marahaba. Linachemsha?”

“Hapana, nimeliegesha.”

“Basi jazia maji, endelea na shughuli zako.”

Mjomba ana gereji Magomeni, na kwa Magomeni hakukosea sana. Maji ya bomba yanaleta kutu na magamba ndani ya rejeta, ila hayawezi kupasua injini, kwa sababu Dar es Salaam haigandi. Saint Paul inaganda, na ushauri uleule ndio unaoua magari ya watu huku.

Hesabu yake ni hii. Gari dogo kama Corolla hubeba kulanti ya lita 6 hivi, nusu glaikoli na nusu maji. Mchanganyiko huo hauanzi kuganda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, ndiyo maana kwenye galoni huandikwa -34 °F. Ikivuja lita 1 ukajazia maji matupu, glaikoli inashuka hadi asilimia 42, na kinga yako inaishia nyuzi 26 hivi chini ya sifuri. Ikivuja lita nyingine ukajazia maji tena, unabaki na asilimia 35 na kinga ya nyuzi 19. Mara ya tatu ni asilimia 29, na sasa nyuzi 15 chini ya sifuri zinatosha kuanza kuigandisha. Minneapolis inapata baridi hiyo Januari bila mtu kushangaa. Mwanzoni unakuwa uji wa barafu. Baridi ikizidi, barafu inashika kwelikweli, na maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Vile vizibo vya chuma vilivyopachikwa ubavuni mwa injini huenda vikachomoka, na wengi hudhani viliwekwa pale kuokoa injini. Hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo: pengine kizibo kitabaki palepale na bloku ndiyo itakayopasuka. Injini iliyotumika, pamoja na kazi ya kuifunga, huanzia kama dola 3,000 na kupanda, bei ambayo Corolla ya miaka 15 haistahili.

Bima haitakusaidia. Hata ile bima kubwa ya Marekani, inayolipa gari likiibwa au likipigwa na mvua ya mawe, kwa kawaida huondoa uharibifu utokanao na kuganda, kama inavyoondoa uchakavu na ubovu wa mitambo. Soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa kabla hujalala usingizi wa pono.

Kwa hiyo pesa ya kwanza isiende kwa fundi. Iende kwenye galoni ya kulanti na kwenye kipimo. Galoni iliyokwisha kuchanganywa, ambayo ni lita 3.8, huuzwa dola 15 hadi 25 katika maduka ya spea. Ile yenye nembo ya kampuni ya gari lako, ukiinunua kwa wakala, inaweza kufika dola 30 au kuzidi kidogo. Ile isiyochanganywa huonekana ghali zaidi kwa dola chache, lakini ukiongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke unapata galoni mbili, kwa hiyo kwa lita ndiyo rahisi. Anayebadilisha kulanti yote anunue hiyo. Wewe unayetaka nusu lita ya kujazia nunua iliyochanganywa, kwa sababu hapo hakuna kipimo cha kukosea. Na usije ukaimimina ile nzito peke yake ukidhani unaongeza nguvu. Glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, baridi ndogo kuliko ile inayovumiliwa na mchanganyiko wa nusu kwa nusu.

Kuhusu rangi, usiitegemee. Toyota wana waridi, GM walizoea machungwa, na ya zamani ilikuwa kijani, lakini hakuna sheria inayofunga rangi na aina. Watengenezaji hutia wanayoitaka. Soma kitabu cha gari, kisha soma nyuma ya galoni.

Kipimo cha bei rahisi, kile cha mpira wa kufyonzea chenye vijipira vinavyoelea au kimshale, ni dola 5 hadi 10. Kile cha kutazama kwa jicho kwenye mwanga ni dola 20 hadi 40 na hakibabaishi. Kwa gari moja, cha kwanza kinatosha. Jambo linalowapotosha wengi ni mahali pa kupimia. Gari likiwa limelala, unachomimina kwenye chupa ya akiba kinabaki kwenye chupa ya akiba. Hakiingii kwenye injini mpaka injini iwashwe, ipate moto, kisha ipoe na kuvuta. Ukipima kwenye chupa ulikomwaga kulanti mpya jana yake, utapata majibu mazuri ya chupa huku injini imejaa maji. Pima kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi kabisa. Kama gari lako halina kifuniko juu ya rejeta, liendeshe nusu saa kabla ya kuliegesha, liache lipoe, ndipo upime kwenye chupa.

Sasa tundu lenyewe. Gereji itakutoza dola 100 hadi 200 kukuambia linapovuja, na hapa ndipo pesa nyepesi kuliko zote huokolewa, kwa sababu pampu ya kupimia presha ya rejeta huazimwa. AutoZone na O'Reilly wana utaratibu huo: wanashika dhamana kwenye kadi yako, inayolingana na bei ya kifaa, na ukikirudisha wanairudisha yote. Ni bure, ilimradi usikisahau kwenye buti.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, funga pampu mahali pake, kisha sukuma polepole mpaka sindano ifike kiasi kilichoandikwa juu ya kifuniko. Magari mengi ya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, ambayo kwenye geji ya Kimarekani ni psi 13 au 16. Usipitishe hapo, utatengeneza tundu ambalo halikuwapo. Subiri robo saa. Sindano ikishuka, washa tochi uanze kutafuta, na ujue kwamba unatafuta ukoko kuliko maji. Kulanti ikikauka huacha alama nyeupe au ya waridi, kama chumvi iliyobaki kwenye sufuria baada ya maji kukauka. Angalia mwisho wa mipira, pale klipu inapobana. Angalia mshono wa rejeta, ambapo tanki la plastiki limebanwa kwenye alumini. Angalia chini ya wota pampu: kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili ya ndani ikichakaa itoe habari nje, na ukoko kwenye kitundu hicho maana yake pampu inaaga. Ukikuta zulia la upande wa abiria limelowa na ndani kuna harufu tamutamu, ni rejeta ndogo ya hita. Na kama sindano inashuka lakini nje kote ni kukavu, acha mambo ya klipu. Huenda kulanti inaingia ndani ya injini kupitia gasketi ya silinda hedi, na hapo unahitaji fundi.

Sindano isiposhuka kabisa, kuna washukiwa wawili. Mmoja ni kifuniko chenyewe, kwa vile ulikitoa ili kufunga pampu, kwa hiyo hakikupimwa. Kipya ni dola 10 hadi 20. Wa pili ni baridi. Mpira unapopata baridi kali hukakamaa, na plastiki, alumini na chuma husinyaa kila kimoja kwa kiasi chake, hivyo klipu iliyokuwa imebana vizuri Septemba inalegea Januari. Gari linatona usiku, jua likitoka linaacha, na fundi akilipima ndani ya gereji yenye joto anakuambia halina tatizo. Hajakudanganya. Dawa ya hali hiyo ni klipu ya dola 2 hadi 5, na nashauri ile ya springi, inayofuata mpira unaponywea na kutanuka, badala ya ile ya kukaza kwa bisibisi. Kama utabaki na ya bisibisi, ikaze kwa adabu. Shingo ya rejeta nyingi za leo ni plastiki, na plastiki yenye umri haisamehi mkono wa mtu mwenye hasira. Ikipasuka, umebadilisha klipu ya dola 3 kuwa rejeta nzima.

Ukishajua panapovuja, bei zinajipanga zenyewe. Mpira wa rejeta ni dola 15 hadi 40 ukiufunga mwenyewe; gereji itakufungia kwa dola 150 hadi 250, sehemu kubwa ikiwa ni ufundi, kwa sababu saa moja ya fundi mijini sasa ni dola 120 hadi 200. Wota pampu yenyewe ni dola 50 hadi 150, lakini kufungiwa ni 400 hadi 900, kutegemea kama iko wazi kwenye mkanda wa nje au imefichwa nyuma ya mkanda wa taimingi. Rejeta isiyo na nembo ya kampuni ya gari ni dola 100 hadi 250, na gereji itataka 450 hadi 900 kwa kazi yote. Rejeta ya hita ndiyo inayoumiza. Kifaa chake mara nyingi hakifiki dola 100, lakini kwenye magari mengi hakitoki bila kung'oa dashibodi, na bili inaweza kuvuka dola 1,000.

Hapo ndipo mwenye gari lililolala ana nafasi ambayo mwenye gari la kila siku hana: anaweza kusubiri. Gari lisilowashwa halina presha, na bila presha tundu dogo hutona polepole sana au hukoma kabisa. Kwa maoni yangu klipu, mpira na kifuniko vitengenezwe sasa, kabla ya safari, hata kama vidole vinaganda. Pampu inayolia kidogo au mshono wa rejeta unaotoka jasho unaweza kungoja Machi, kwa sharti kwamba kipimo kilichochukuliwa kwenye mdomo wa rejeta kinasoma -34 °F au chini zaidi, na kiwango hakishuki kwa kasi. Bandika kipande cha utepe kwenye chupa ya akiba, sawa na kulanti ilipo, weka boksi lililokunjuliwa chini ya gari, urudi baada ya wiki. Fanya hivyo siku mbili zenye baridi inayokaribiana, maana kulanti nayo husinyaa. Iliyopimwa wakati wa jua na ikatazamwa tena usiku wa manane itaonekana imepungua bila tone kuanguka. Kama kwa wiki moja imeshuka kutoka alama ya juu hadi ya chini, usiliache miezi mitatu. Lipeleke, hata kwa kuvutwa, na kuvutwa ndani ya mji ni dola 100 na ushee.

Watu huuliza kuhusu kukodi maegesho yenye joto. Kwa dola 150 hadi 250 kwa mwezi, miezi mitatu inakufikisha kwenye dola 450 hadi 750, na hiyo ni rejeta mpya iliyofungwa na fundi. Kodi joto kwa sababu nyingine ukitaka. Kwa ajili ya tone, hapana. Wengine humwachia jirani ufunguo ili aliwashe kila Jumapili kwa dakika tano. Kwa gari linalovuja huo ni ukarimu wenye hasara: kila likiwashwa presha inapanda na kusukuma kulanti nje, na dakika tano hazitoshi kukausha unyevu unaojikusanya kwenye oili na kwenye ekzosi. Kama wasiwasi ni betri, chaja ndogo ya kuachwa kwenye umeme ni dola 30 hadi 50. Wapo pia wanaomwaga kulanti yote ili isiwepo ya kuganda. Daima hubaki kiasi kwenye mikunjo ya injini, na chuma kilichobaki na unyevu na hewa kinapata kutu. Usifanye.

Nimeiweka mwisho dawa ya chupa, ile ya kuziba matundu, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa kwanza. Bei yake inavutia: dola 8 hadi 20, mimina, maliza. Ndani yake kuna nyuzinyuzi au chembe zinazobebwa na mkondo wa kulanti mpaka zikwame kwenye tundu, na nyingine zina silikati inayoshikana ikikutana na joto na hewa. Tazama masharti hayo: mkondo, joto, mwendo. Maelekezo ya chupa yenyewe hukuambia uendeshe gari. Gari lililolala halina hata kimoja. Chembe zinatulia mahali pa chini, na njia nyembamba kuliko zote katika mfumo huo ni rejeta ya hita, ileile ya kung'oa dashibodi. Utarudi Machi, theluji bado ipo, na hita inapuliza hewa ya friji huku kioo cha mbele kimeingia ukungu. Ningeikubali kwa gari moja tu: lile unaloliendesha kila siku, lina mwaka mmoja au miwili ya maisha, na rejeta yake ikitengenezwa itagharimu kuliko gari lenyewe. Na fundi atakayelifungua baadaye mwambie ukweli kwamba uliitia, asije akahangaika na uchafu asioujua.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye risiti. Kulanti ya kawaida ni ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Kiasi kidogo kinaua paka, na mbwa hahitaji kikubwa. Watengenezaji Marekani walikubali mwaka 2012 kuitia kiungo kichungu katika zile zinazouzwa rejareja, lakini uchungu humpunguzia mnyama hamu tu. Sumu iko palepale. Anayeishi kwenye jengo lenye maegesho ya pamoja aweke trei chini ya gari, aifunike, na doa alifute siku hiyohiyo, kwa ajili ya mbwa wa jirani na watoto, na kwa ajili ya mwenye nyumba aliyeshika amana yako. Kama una wanyama ndani ya gereji yako, propilini glaikoli ina sumu ndogo zaidi, ila ni ghali zaidi, na hakikisha kwanza kwamba gari lako linaikubali. Iliyomwagika au iliyotolewa isiende kwenye mtaro. Kaunti ya Hennepin ina vituo Brooklyn Park na Bloomington vinavyopokea taka za hatari kutoka majumbani.

Machi ukirudi, kabla ya kuwasha, tazama utepe na boksi, kisha jaza mpaka alama kwa kulanti iliyochanganywa. Kama kazi iliyobaki ni ya gereji, usiende kusema “linavuja.” Nenda na picha ya ukoko, picha ya boksi, na maneno haya: nilipiga presha hadi psi 16, ikashuka hadi 10 kwa robo saa, chanzo ni mshono wa kushoto wa rejeta. Gereji makini itataka kuhakikisha yenyewe, ila itakuwa imeanzia mahali fulani, na ada ya uchunguzi huwa inazungumzika kwa mteja wa namna hiyo. Uliza bei kwa wakala, uliza kwa gereji ya mtaani, na umuulize fundi wetu wa Brooklyn Park anayefanya kazi uani kwake. Huyu wa mwisho mara nyingi atakuwa nusu ya bei ya wakala. Kwa mpira na rejeta ningempa kazi. Kwa pampu iliyo nyuma ya mkanda wa taimingi ningetaka risiti na garanti ya maandishi, kwa sababu kazi hiyo ikiharibika inaweza kuondoka na injini. Gereji nayo iombe makadirio ya maandishi kabla ya kuacha ufunguo. Sheria ya Minnesota inakupa haki ya kuyadai, na ikishakuandikia bei haiwezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake bila wewe kukubali.